Wapaka Rangi wa Mutuini

"Madam, umebeba nyumba yangu."

Kanini aligeuka. Duka la kuchapisha ramani lilikuwa limefurika watu, kama kawaida ya katikati ya jiji saa za mchana. Aliyemsemesha alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, lakini gambuti zimejaa tope. Ni kweli: walikuwa wamebadilishana ramani. Walipozifungua, wakagundua wanafanya kazi katika kampuni moja ya ujenzi. Kanini alikuwa mgeni ofisini, bado kwenye majaribio, kazi yake kupanga ratiba. Kijana huyo, Zedekiah, alisimamia mjengo wa hosteli ya kanisa kule Mutuini.

Simu zikaanza. Kila jioni Zedekiah alimpigia, akimwita kwa Kijaluo nyar Ukambani, binti wa Ukambani, na Kanini alicheka peke yake jikoni kwake Kabiria.

Kisha asubuhi moja wapaka rangi walifika Mutuini na ndoo zao, wakakuta msingi ndio kwanza unachimbwa. Mwenye mradi aliwaka. Bosi, Bwana Musili, akaitangazia ofisi kwamba Zedekiah amekiri kuwaita mapema. Kanini aliona jina lake, lililo juu ya ratiba ya Mutuini aliyoipanga, limechafuliwa. Akampigia.

"Kwani hujui kusoma ratiba?"

"Sawa, Kanini," Zedekiah akasema, akakata simu. Tangu siku hiyo simu zikakoma.

Baadaye Kanini alikuwa akihamisha mpango mwingine kutoka kwenye jedwali lake kwenda kwenye programu ya ratiba. Safari hii alikagua. Kazi zilizopaswa kusubiri nyingine alikuwa ameziachia nafasi ya tarehe ya kuanza wazi, na programu ilikuwa imezirundika zote siku ya kwanza ya mradi. Akafungua ratiba ya Mutuini: rangi, siku moja na kuchimba msingi. Zedekiah hakuwa amekosea. Alikuwa amejitwika kosa la Kanini ili asifukuzwe kazi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Musili, akasema ukweli. Kisha akashika njia ya Mutuini, gauni la manjano, viatu vya ofisi vikizama kwenye udongo mwekundu.

"Nimemwambia Musili," alimwambia Zedekiah.

"Amekufukuza?"

"Ameniongezea majaribio. Nisamehe kwa maneno yale. Lakini usinibebee mzigo tena kimya kimya. Uliniacha nikutukane bure."

"Ningekuambia, ungeenda kukiri."

"Ningeenda, ndiyo."

Zedekiah akacheka, na Kanini naye, macho yamelowa. Wakakaa juu ya matofali na kompyuta ya Kanini, wakaifunga kila kazi kwa ile inayoitangulia. Walipoihamisha ratiba upya, rangi ikaenda mwisho kabisa, baada ya plasta.

Waringa, mama anayewauzia mafundi githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, akawaletea sahani, akauliza kama huyu ni mgeni wa ofisini.

"Hapana, mama," alijibu Zedekiah. "Huyu ndiye ninayetaka kumpeleka nyumbani Krismasi, akikubali."

Kanini alipokea sahani bila kumtazama. "Mama, mwambie nitakwenda. Lakini kwanza aje kwetu Machakos, na wazee wake."