Swichi za Kanini

Redio ya Celine ilikuwa ikijipunguza sauti. Si kukatika, ilishuka polepole, mpaka garini pakawa kimya.

"Fundi, ni hizi swichi za redio za stelingi uliniwekea juzi," alisema, akishuka kwenye teksi yake nje ya gereji ya Mulei, Kawangware 56. "Na sijaziguza! Halafu kuna harufu ya mafuta ya nywele, na si unaona nimenyoa?"

Tangu Machi, alipomzika mkewe Kanini, Mulei hakuhisi kitu: si njaa, si jua, si hofu. Alitoa swichi, akaziweka mezani, akazipima kwa mita. Kila kitufe kina namba yake kikibonyezwa. Kikiachwa, mita haisomi kitu. Sasa ilisoma. Kitufe cha kupunguza sauti kilikuwa kikibonyezwa bila kidole juu yake, na namba ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda, huku harufu ya mafuta ya nazi, ile ile iliyobaki kwenye mto wa kitanda chake, ikipanda kutoka mezani saa sita mchana, watu wakipita na mboga zao.

"Ulizitoa wapi?" Celine alinong'ona.

"Kwa gari la bibi yangu."

Mganga hajigangi. Miezi minne Kanini alilalamika kwamba swichi zake hazishiki, na Mulei, aliyetengeneza za Riruta nzima, akamjibu kila mara, "Kesho." Siku ile Kanini alinyoosha mkono kupunguza redio, akaingia chini ya lori. Baadaye Mulei alizisafisha kwa dakika kumi tu, zikashika. Hilo hakumwambia mtu.

Wakamwita Kalekye, shangazi ya Kanini, anayeombea nyumba zenye mashetani.

"Ulimwomba mwenyewe kabla ya kugawa vitu vyake?"

"Hapana, anti."

"Basi mwambie ukweli."

Mulei akaziinamia swichi. "Nilisema kesho. Nisamehe."

Mita ikatulia. Kalekye akazifunga kwa leso, akaenda kuzizika. Celine akawekewa nyingine, akaondoka akiimba.

Asubuhi Mulei akawasha pikapu yake kuukuu, ambayo usukani wake haukuwahi kuwa na kitufe hata kimoja. Redio ikashuka, ikashuka, harufu ya nazi ikajaa, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akaogopa.

"Mulei," sauti ikauliza taratibu kutoka kiti cha abiria, "kesho imefika?"