Mayai ya Papa Henri

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Fizi wakati Adolphine anaenda ziwani na bidoni ya maji, mwanawe Bertin mgongoni, akakuta watu wamejaa tena mlangoni kwa Papa Henri, wanauliza konokono kama usiku huu walale nyumbani au wajifiche porini.

Konokono.

Vita imewatoa akili, aliwaza. Huyu aliwaoshea watafiti wa ziwa vyombo, watafiti wakakimbia wakamwachia lenzi na maneno makubwa, leo mtaa mzima unamtetemekea, mchawi asiye na hata kandambili mbili zinazofanana.

Papa Henri aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani, mayai kwenye ute. Kila siku, katika kila yai, kitoto kama nukta kilizunguka, polepole; leo vyote vimetulia.

"Banasimama," alinong'ona. "Muende mu pori."

"Mutoto yangu anakohoa sababu ya baridi ya pori yako," Adolphine alisema. "Kama konokono iko na akili, ile mikubwa tunakanyaga ku maji, mbona haikimbie?"

"Mu yai, Mama Bertin, mishipa yake iko na milango ya kusikia hatari. Ikikomaa, milango inafunga. Sawa vile siye bakubwa."

"Sawa vile weye."

Watu wakacheka. Kicheko kikampa Adolphine kichwa, akampokonya mzee chupa, akaimwaga, akayasigina mayai.

Prr... kama kupasua chawa. Harufu ya tope bichi ikapanda.

Papa Henri hakukasirika. Alimtazama Bertin tu.

"Sasa habari itapita mulango ingine."

Adolphine akabaki nyumbani, kwa jeuri. Akamlaza Bertin mkekani, akageuka kuwasha koroboi.

Sss... sss...

Mkeka ulikuwa unakwaruza.

Bertin, asiyejua hata kukaa, alikuwa anazunguka. Chali, macho wazi, kichwa kikifuata miguu, polepole, bila mkono wa mtu. Alinuka tope lile.

"Bertin..."

Mtoto akaacha kuzunguka, akasimama.

Adolphine alimnyakua akakimbia. Alikuwa ndani ya shamba la mihogo aliposikia milango ya mtaa inavunjwa, halafu risasi. Papa Henri hakuonekana tena, si mzima, si maiti.

Sasa wako Kazimia, kwa shangazi Marthe, na kila jioni Bertin anazunguka mkekani, watu wanajaa mlangoni, wengine wanamcheka Adolphine, lakini wanakuja.

"Mama Bertin, tulale wapi?"

Jana Bertin ameota jino. Leo hazunguki.

Adolphine anamtazama, na hajui kama amesimama... ama amekomaa.