Koti Lililofuliwa

Siku ya wageni, jumba la makumbusho la chama cha askari wastaafu lilijaa hadi mlangoni, watu wakisukumana kuona bunduki. Fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu lenye ukosi mweupe, hakuwa na habari na bunduki. Aliliinamia koti la askari hadi pua ikagusa kioo.

"Dada, hicho kioo nimekifuta sasa hivi," alisema mtunza maktaba wa jumba hilo, nyuma yake.

"Samahani, kaka. Nani alishona hapa kwapani? Huu uzi mwekundu si wa jeshini."

Mtunza hakujua. Miaka sita alikuwa na koti lile, hakuwahi kujiuliza. Kabla fundi hajaondoka, mtunza alimwomba namba ya simu.

Miezi minne walisoma pamoja barua za askari kule maktabani.

"Mpenzi, maswali yako yatanimaliza," mtunza alimtania siku moja.

"Basi jibu moja, nikusamehe mawili."

Kisha mshono ule wa kwapani ukafumuka, naye mtunza akampa fundi koti akalishone. Lilirudi linanukia sabuni, limenyooshwa kwa pasi.

"Umelifua?" Mtunza aliligeuza koti huku na huku. "Lile tope lilikuwa la vitani. Ndilo watu wanalokuja kuliona."

"Mimi nguo ya mteja siirudishi chafu. Hukuniambia."

"Nani asiyejua?"

"Mimi." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Siku tatu simu iliita, fundi hakupokea. Kila asubuhi alimwomba Mungu amwondolee kiburi, na kila asubuhi kiburi kiliamka naye. Siku ya nne akapokea.

"Nisamehe," alisema mtunza. "Kosa ni langu, sikukuambia. Wazee wa chama wameuliza nani amelifua. Nimeandika kwenye kadi ya maelezo ya koti kwamba ni mimi."

"Watakufukuza?"

"Wamenionya tu."

Fundi aliifunika cherehani, akaenda. Alimkuta mezani, kadi mbele yake.

"Futa," alisema. "Wajukuu wa hao askari wataisoma kadi hii, nawe umewaandikia uongo."

"Nilikuwa nakukinga, mpenzi."

"Usinikinge kwa uongo. Niandike mimi. Nimeshatubu, sioni haya."

Akafuta. Kalamu ikasita juu ya kadi.

"Nikuandike kwa jina la baba yako," aliuliza polepole, "au langu?"

Fundi alimsogezea kadi.

"La baba. Nilifua nikiwa bado kwake." Alipoona ameinama kuandika, akaongeza, "Hilo lako, njoo Jumapili umwombe baba mwenyewe."