Kilio cha Kalamu mjini Likasi

Merdi alikutana na Aimée mbele ya soko la Likasi, siku ambayo nusu ya mji ilitaka kopi za karatasi. Aimée alikuwa na secrétariat public, yaani kibanda cha kuchapia barua za watu: meza, kompyuta, printa na foleni isiyokwisha. Alivaa kitenge cha manjano chenye feni za bluu. Merdi, aliyeleta barua ya kuomba kazi kwenye bwawa la Mwadingusha, alitazama kila kitu isipokuwa kioo cha kompyuta. Kosa hilo, ndugu msomaji, ndilo litakalotuletea msiba.

"Barua yako iko na makosa tano," Aimée alisema.

"Bakisha mbili. Nipate sababu ya kurudia."

"Hapa hatuuzishe makosa, bwana."

Alirudi hata hivyo, tena mara nyingi. Kazi aliipata. Miezi minane baadaye mjomba wake, Papa Athanase, alipanga kwenda kwa kina Aimée Jumapili kupeleka posa.

Alhamisi ya wiki hiyo, kule bwawani, Merdi alipanda jiwe moja, mahali pekee penye mtandao, akafungua simu. Aimée alikuwa ameweka picha ya mshumaa na maneno: "Miaka kenda, kila asubuhi nilianza na weye. Mwengine kama weye hakuna. Pumzika."

Miaka kenda. Yeye alikuwa na miezi minane. Akampigia mjomba papo hapo, akamweleza habari ya marehemu, akazuia posa. Aimée naye alipiga simu mara saba. Mara zote Merdi alikuwa ameshuka kwenye jiwe, pasipo mtandao, kwa makusudi.

Jumamosi alishuka mjini kwa koti jeusi la kuazima na kilo ya sukari, kwa sababu alilelewa vizuri, na marehemu ni marehemu. Kibandani alikuta viti vya plastiki, Glody na Bénie, rafiki zake Aimée, wamefunga vitambaa kichwani, na kompyuta imefunikwa kitambaa cheusi.

"Pole, Aimée."

"Asante. Weye njo wa kwanza kuleta sukari."

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

"Muvumilivu. Courant ikikatika, alikuwa analinda kila kitu yangu."

"Kila kitu?"

"Mpaka neno ya mwisho. Tulijuana ku internat, shule ya kulala, niko na miaka kumi na tano. Masista njo walituonyesha."

Merdi aliwaza: Hata masista.

"Na minye, Aimée? Minye nilikuwa nani?"

"Weye ulikuwa unamuona kila ukikuja. Ulikuwa unaikala pembeni yake, unakula mukate."

Glody aliinama kuficha kicheko. Bénie akakivuta kile kitambaa cheusi cha kompyuta.

Kwenye kioo kulikuwa na tangazo la Kalamu, programu ya bure ya kuandikia, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea wa mbali ambao hawakuwahi kumwona Aimée. Waliandika mistari mitatu tu: tumechoka, hatutaitengeneza tena, anayetaka kuendelea, kazi yetu yote iko wazi. Asanteni.

"Unalilia programu?"

"Minalilia asubuhi zangu. Ilikuwa inafunguka na ka sauti ka ndege. Ile mupya, mbele ya kuandika, inauliza kwanza weye ni nani. Kalamu haikuniuliza hata siku moja."

Merdi alikisoma kioo tena. "Minye nilifikiri ni bwana yako."

"Bwana?" Aimée alisimama. "Simu saba, Merdi. Uliniacha siku tatu juu ya wivu ya machine?"

"Juu ya wivu ya bwana. Machine nimeijua sasa hivi."

Aimée hakucheka. "Na kesho?"

"Nilizuia."

"Basi piga simu."

Alipiga, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Papa, kesho tuende."

"Na yule marehemu?"

"Ilikuwa programu ya kompyuta, papa."

"Na weye ulienda na koti nyeusi?"

"Ndiyo, papa."

Papa Athanase alicheka mpaka akakohoa. Aimée akachukua simu.

"Papa, mukuje saa tisa. Lakini Merdi ataikala inje kwanza, muda wa saa moja, juu ya zile siku tatu."

"Hata saa mbili, binti yangu."

"Cheri yangu," Merdi alisema, "kesho mvua itanyesha."

"Minajua," Aimée alijibu, na tayari alikuwa amemshika mkono.