Mtumbwi Ulioitwa kwa Jina

Yaliyomkuta rafiki yangu Scola, karani wa chakula cha wakimbizi pale Mwandiga, hajayasahau. Kila mtumbwi wa wakimbizi uliofika ziwani aliufungulia karatasi yake kwenye jedwali la kompyuta, na fomula ya jumla ya chakula ikaziita karatasi hizo kwa namba. Ilipoletwa programu mpya, namba zikavurugika, malori ya chakula yakazuiwa, watoto wakilia njaa.

"Dada, ziite kwa majina ya mitumbwi," akasihi Egide, mkimbizi aliyemsaidia. "Jina halihami."

Scola akaziita zote. Jumla ikagoma. Mwishoni mwa fomula palikuwa na jina ambalo hakuliandika: Iradukunda, mtumbwi uliozama kabla ya kufika, usio na karatasi yoyote. Akalifuta. Likarudi.

Umeme ukakatika. Ziwa liko mbali na Mwandiga, lakini gizani wote wawili walisikia makasia yakipiga maji polepole, yakikaribia, kisha ubavu wa mtumbwi ukagota kwenye kizingiti cha ofisi.