Jani la Pembeni

Hadassa, mwenzangu wa kwaya, hapendi tena kusimulia jambo hili, kwa hiyo nalisimulia mimi. Wakati wa vita alikuwa anafundisha jiografia kule Vulamba. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Ili kuonyesha namna mikondo inavyokusanya mwani unaoelea, alijaza maji beseni la bati, akamwambia kila mwanafunzi aandike jina lake kwa kalamu ya bic juu ya jani la karatusi. Naye akaandika la kwake. Akazungusha maji kwa mwiko, majani yakakusanyika katikati, ila la kwake.

"Madame, ya kwako inabakia pembeni," mwanafunzi mmoja, Kahongya, akasema.

"Itakuya tu. Maji inaleta yote, ni kungoya kidogo."

Siku ileile risasi zikalia, na kila familia ikakimbilia upande wake.

Wiki tatu baadaye Hadassa alirudi peke yake kuchukua kitabu cha majina. Ilikuwa mchana, lakini madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa na darasa lilikuwa giza tupu. Akasikia kitu kinakwaruza polepole, kinanyamaza, kinaanza tena.

"Ni nani?"

Akafungua mlango wote ili mwanga uingie.

Maji katika lile beseni yalikuwa bado yanazunguka. Majani ya wanafunzi yalikuwa yameshikamana katikati, mabichi kama siku yalipochumwa. La kwake tu lilikuwa linatembea pembeni, likikwaruza bati. Alipoinama kusoma jina lake, likaacha ukingo, likaanza kwenda kwa wenzake.