Weusi Uliosuguliwa

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Asubuhi hiyo Kasulu kulikuwa na baridi, na upepo wa kiangazi ulipeperusha vumbi jekundu.

Kipriani Nduwayezu alifungua karakana yake ya kuchomelea vyuma. Alisali, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuwasha mashine. Mkewe, Esteri, alimletea chai. Kipriani aliuacha mlango wazi ili apate mwanga.

Kabla chai haijapoa, Hilali aliingia. Hilali ana duka la vitambaa sokoni. Aliweka juu ya meza fremu ya kutembelea, ile ambayo mzee hushika kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Mguu mmoja ulikuwa umekatika.

Kipriani aliitambua. Aliitengeneza mwenyewe mwezi wa pili, kwa ajili ya Bi Kuruthumu, mama yake Hilali.

Hilali alieleza kwa sauti ya chini. Mama alikuwa anakwenda kutawadha, mguu wa fremu ukakatika. Akaanguka, akavunjika nyonga. Alilala wiki tano. Ijumaa walimzika.

"Sikuja kugombana, fundi," alisema. "Mama mdogo Shadia ana fremu kama hii, uliitengeneza wiki ileile. Nimemnyang'anya. Sasa hatoki chumbani, hata kwenda uani anabebwa. Niambie, imekatika kwa nini?"

Kipriani aliigeuza fremu, akatazama palipokatika. Esteri alianza kulia.

Kesho yake Kipriani alipanda basi kwenda Kibondo, fremu ikiwa mapajani. Huko yuko fundi mwanamke aitwaye Mpawenimana, anayetengeneza matangi ya stenlesi. Kipriani alipiga makofi ya salamu kwa heshima, kama ilivyo desturi. Mama huyo aliitazama fremu, akachukua msumeno, akakata palipochomelewa. Ndani mlikuwa na vitundu vingi, na ukoko mweusi kama wa uji ulioungua.

"Siku ulipoichomelea, uliona weusi kwa nje?" aliuliza.

"Niliuona, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nikausugua kwa mashine mpaka ukang'aa."

Mpawenimana aliweka msumeno chini. Kisha akamwuliza kuhusu gesi. Kipriani alieleza kwamba upepo ulikuwa mkali siku hiyo, kwa hiyo alifungua gesi ya agoni, ile inayozuia hewa isiguse kiungo, mpaka mwisho. Alidhani gesi nyingi ndiyo kinga. Alipomaliza kila kiungo aliiondoa tochi ya kuchomelea mara moja ili asipoteze gesi, maana mtungi hujazwa mbali.

"Na mlango?"

"Ulikuwa wazi. Lakini nilisali kwanza."

"Sali, mwanangu. Mungu hakukataza kuzuia upepo."

Alimpeleka kwenye bomba la maji. Alilifungua lote. Maji yakatoka kwa nguvu, yakaruka huku na huku, yamejaa mapovu. Akalipunguza. Maji yakashuka taratibu, safi kama kioo. Alisema gesi nayo iko hivyo. Ikitoka kwa fujo huvuta hewa na kuichanganya ndani yake. Hewa ikigusa stenlesi iliyoyeyuka, kiungo huwa cheusi, huingia vitundu, hakina nguvu.

Kisha alifungua tochi yake. Ndani, badala ya kishikio cha kawaida cha sindano inayotoa cheche ya umeme, kulikuwa na kishikio chenye wavu mwembamba, kama chujio la chai. Mafundi hukiita gesi lenzi. Wavu hutuliza gesi, ikashuka sawasawa na kufunika kiungo chote. Huvalishwa kikombe kipana kinacholingana nacho, ndicho mdomo wa tochi. Kwa kikombe chake, Mpawenimana hupima lita kumi za gesi kwa dakika. Alionya pia asifunge chumba chote, maana fundi naye anahitaji hewa. Aweke ubao upande wa upepo tu.

"Ukimaliza kiungo, usiondoe tochi," aliongeza. "Moto ukizimika, ishike palepale mpaka kiungo kipoe na gesi ijikate. Sema Baba Yetu polepole, ufike 'mkate wetu wa kila siku'."

Kipriani alirudi Kasulu na wavu na kikombe alivyopata kwa Mpawenimana. Alijaribu kwanza kwenye vipande chakavu. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kwa sababu hakukaza kikombe vizuri. Akakikata, akakaza, akarudia. Cha tano kilitoka na rangi ya nyasi kavu, dalili kwamba hewa haikuingia. Alikipasua kwa msumeno. Hakikuwa na kitundu hata kimoja. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Ile fremu ya Bi Shadia, aliyoletewa na Hilali, aliikata viungo vyote, akaichomelea upya. Alhamisi ya wiki iliyofuata yeye na Esteri waliipeleka. Hilali aliipanda kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Haikutikisika. Ndipo akampa mama yake mdogo.

Bi Shadia alitembea polepole mpaka uani, akasimama juani. Majirani walikuja kutazama.

"Dada naye alitembea hivihivi siku ya kwanza," alisema. "Akacheka."

Kipriani alivua kofia.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote," alisema, "mimi Kipriani niliuona weusi nikausugua. Bi Kuruthumu akauegemea. Kuanzia leo nikiona kiungo cheusi nitakikata, hata kama mwenye kazi amesimama mlangoni anasubiri. Sitasugua tena."